Sauti Tuliyoizoea: Kwa Nini Tangazo la Biashara Hugusa Moyo Kabla ya Akili

Jioni inapoingia katika mitaa ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, muuza kahawa hana haja ya kupaza sauti kutangaza bidhaa yake. Hugonganisha vikombe mkononi, na mlio ule mwembamba humtosha. Aliyeketi barazani huinua kichwa. Aliyemo ndani hukumbuka harufu ya kahawa, na pengine hukumbuka pia baraza la babu yake, mazungumzo ya wazee na utoto wake mwenyewe. Hakuna neno lililosemwa, wala hoja iliyotolewa juu ya ubora wa kahawa ile. Hata hivyo mkono huenda mfukoni.

Mlio wa vikombe ni tangazo la biashara katika umbo lake lililo sahili kabisa. Katika makala haya tutachunguza jambo linalotendeka kati ya sikio na mfuko: jinsi sauti iliyozoeleka inavyotambuliwa na ubongo, jinsi inavyoamsha hamu ya yaliyopita, na jinsi wenye biashara wanavyoitumia hamu hiyo. Mwishoni tutaeleza zoezi ambalo mwalimu aweza kulifanya darasani bila kifaa cha gharama kubwa. Elimu hii haikusudiwi wanaotaka kuuza tu. Kila mmoja wetu hununua, na kila mmoja wetu husikia matangazo. Kwa hiyo ni haki yetu kujua yanavyotufanyia kazi.

HAMU YA YALIYOPITA NI NINI?

Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu aitwaye Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu yake katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Alieleza habari za vijana walioishi mbali na kwao ambao walidhoofika, wakakosa usingizi na hamu ya chakula, bila ya ugonjwa mwingine kuonekana. Ili kuipa hali hiyo jina, Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani: moja lenye maana ya kurejea nyumbani, na la pili lenye maana ya maumivu. Ndiko lilikotoka neno nostaljia. Hapo mwanzo, basi, lilikuwa jina la maradhi, nalo lilihusishwa hasa na askari wa Uswisi waliopigana ugenini.

Baadaye maana ya neno hilo ilibadilika. Badala ya kutamani mahali palipo mbali, likawa na maana ya kutamani wakati uliopita. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu aliye mbali na nyumbani aweza kurudi, lakini hakuna awezaye kuurudia utoto wake. Anachoweza kukipata ni vitu vinavyoufanana: wimbo, harufu, ladha au sauti. Hapo ndipo mfanyabiashara anapopata mlango wa kuingilia.

Wataalamu wa saikolojia wa leo hawaihesabu hamu hiyo kuwa maradhi. Mwaka 2006 Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao walichapisha uchunguzi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Waliona kuwa watu hukumbuka yaliyopita hasa wanapokuwa na huzuni au upweke, na kwamba kumbukumbu hizo kwa kawaida huwahusu watu wa karibu: wazazi, ndugu, rafiki. Waliona pia kwamba mtu akiisha kukumbuka hivyo hujiona anapendwa zaidi na ana uhusiano imara zaidi na wenziwe. Kwa maneno mengine, hamu ya yaliyopita ni kama blanketi ambalo nafsi hujifunika wakati wa baridi.

Lugha yetu ina neno linalolieleza jambo hili kwa ufupi wa ajabu. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Litazame neno hilo kwa jicho la mwanasarufi: lina kiambishi cha wakati uliopita, lina mzizi wa kupenda, na limo katika kauli ya kutendwa. Halisemi ni nani aliyezipenda. Kila asikiaye hujiweka mwenyewe katika nafasi ile iliyoachwa wazi.

SAUTI HUTAMBULIKAJE?

Mtu anaposema, hewa kutoka mapafuni hupita katika zoloto na kuzitetemesha nyuzi za sauti. Kwa mwanamume mzima nyuzi hizo hutetemeka kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Kwa mwanamke kiasi cha mara 180 hadi 250. Na kwa mtoto mara nyingi zaidi. Mtetemo huo ndio msingi wa sauti. Juu ya msingi huo hujengwa mitetemo mingine ya kasi zaidi, ambayo koo, kinywa na pua huikuza au kuipunguza kwa kufuata umbo lao. Kwa kuwa hakuna watu wawili walio na koo na kinywa vya umbo moja hasa, wala walio na mazoea yale yale ya kutamka, kila sauti huwa na alama zake.

Simu yatupa ushahidi mzuri. Kwa miaka mingi simu za kawaida zilipitisha mitetemo ya kati ya mara 300 na 3,400 kwa sekunde tu. Maana yake ni kwamba ule mtetemo wa msingi wa sauti ya mtu mzima haukufika kabisa katika sikio la msikilizaji. Hata hivyo mtu aliweza kumtambua mama yake kwa neno moja tu la salamu. Ubongo uliujaza upungufu ule wenyewe kwa kutumia mitetemo ya juu iliyobaki.

Kazi hiyo ina mahali pake maalumu katika ubongo. Mwaka 2000 Pascal Belin na wenzake walitangaza kwamba sehemu fulani za ubongo zilizo upande wa masikio huchangamka zaidi zinaposikia sauti ya binadamu kuliko zinaposikia milio mingine. Wako pia watu wachache ambao, kwa kuumia ubongo, husikia vizuri na kuelewa maneno yote, lakini hawawezi kutambua ni nani anayesema. Hali hiyo yathibitisha kwamba kuelewa neno na kumtambua msemaji ni kazi mbili tofauti.

Utambuzi huu huanza mapema mno. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwachunguza watoto wachanga 10 ambao hawajatimiza hata siku tatu tangu kuzaliwa. Kila mtoto alipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya kunasia sauti. Aliponyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake ikisoma hadithi. Aliponyonya kwa mwendo mwingine alisikia sauti ya mama mwingine. Watoto walielekea kunyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama zao. Kwa hiyo, mtoto huja duniani akiwa tayari na sauti anayoipenda, nayo ni ile aliyoisikia kabla hajazaliwa.

Na sauti hiyo haiishii sikioni. Mwaka 2010 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapa wasichana wa umri wa miaka 7 hadi 12 kazi ya kutia wasiwasi: kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua. Baada ya hapo baadhi yao walikutana na mama zao, baadhi walizungumza nao kwa simu, na wengine hawakuwasiliana nao. Kwa wale waliosikia sauti ya mama kwa simu tu, kemikali ya mwilini inayofuatana na wasiwasi ilipungua, na ile inayofuatana na upendo na utulivu iliongezeka, karibu sawa na wale waliokumbatiwa. Sauti inayojulikana, basi, hubadili hali ya damu yenyewe.

MAZOEA HUZAA UPENDO

Yawezekana msomaji akauliza: mama ni mama, lakini sauti ya mtangazaji asiye ndugu yangu yanigusaje? Jibu la kwanza ni mazoea.

Mwaka 1968 Robert Zajonc, mtaalamu wa saikolojia nchini Marekani, alionyesha kwamba kitu kikionekana mara nyingi huanza kupendwa, hata kama hakina maana wala faida yoyote. Mwaka uliofuata yeye na Donald Rajecki walilipeleka jaribio hilo nje ya maabara. Katika magazeti ya vyuo vikuu viwili walichapisha maneno ya kubuni yasiyokuwa na maana, bila maelezo, mfano wa matangazo madogo. Neno moja lilitokea mara moja tu, jingine mara mbili, mengine mara 5, 10 na hata 25. Maneno yaliyotokea mara nyingi katika gazeti moja yalitokea mara chache katika lile jingine, ili uzuri wa neno lenyewe usilete udanganyifu katika matokeo. Wasomaji walipoulizwa baadaye iwapo kila neno lina maana nzuri au mbaya, waliyapa alama za juu zaidi yale waliyoyaona mara nyingi.

Mtangazaji wa redio huingia nyumbani mwetu kila siku. Hutuamsha asubuhi, hula nasi mchana, hutusomea habari usiku. Baada ya miaka mingi sauti yake huwa kama ya mtu wa nyumbani, ingawa hatujapata kuonana naye.

Jibu la pili ni kuambatana kwa vitu. Mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mlio fulani ukisikika kila mara kabla ya mbwa kupewa chakula, hatimaye mbwa hutokwa na mate kwa mlio ule peke yake. Mlio haukugeuka kuwa chakula; umeambatana nacho tu. Vivyo hivyo bidhaa ikiambatanishwa na wimbo unaopendwa, upendo wa wimbo waweza kuhamia kwenye bidhaa.

Mwaka 1982 Gerald Gorn alilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Aliwaonyesha picha ya kalamu huku wakisikia muziki waliopenda au muziki wasioupenda. Kisha kila mmoja aliruhusiwa kuchukua kalamu ya rangi ile iliyotangazwa au ya rangi nyingine. Waliosikia muziki wa kupendeza walichagua rangi iliyotangazwa kwa kiasi cha asilimia 79. Waliosikia muziki usiopendeza waliichagua kwa asilimia 30 tu. Walipoulizwa sababu ya kuchagua, wengi walisema kuwa waliipenda rangi. Ni wachache mno waliotaja muziki.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kama ilivyo desturi ya sayansi. Mwaka 1989 James Kellaris na Anthony Cox walirudia jaribio la namna hiyo, wala hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo haifai kusema kwamba muziki humwongoza mtu kama kamba inavyomwongoza ng'ombe. Tunaloweza kusema ni kwamba muziki waweza kuelekeza uchaguzi, hasa pale ambapo uchaguzi wenyewe si wa maana kubwa, na kwamba mtu hajui daima sababu ya kweli ya kupenda kwake.

KWA NINI NYIMBO ZA UJANA?

Si kila wimbo wa zamani huamsha hamu sawasawa. Morris Holbrook na Robert Schindler walichapisha mwaka 1989 uchunguzi uliowahusu watu wa umri mbalimbali, vijana kwa wazee, waliosikilizishwa nyimbo zilizopata kuvuma katika miaka tofauti. Kwa wastani watu walizipenda zaidi nyimbo zilizokuwa maarufu wakati wao wenyewe walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Wataalamu wa kumbukumbu nao wameona kwamba mtu mzima akiombwa kusimulia maisha yake, mambo mengi anayoyakumbuka hutoka katika miaka ya kati ya 10 na 30. Huo ni wakati wa mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza, kazi ya kwanza, mapenzi ya kwanza.

Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California aliwapigia wanafunzi nyimbo zilizovuma walipokuwa kati ya miaka 8 na 18, huku akiuchunguza ubongo wao kwa mashine. Wimbo ulipoamsha kumbukumbu ya maisha ya msikilizaji, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ilichangamka. Yaonekana sehemu hiyo huunganisha muziki, kumbukumbu na hisia. Basi wimbo wa ujana ni mfano wa uzi: ukiuvuta, hauji peke yake, huja na kitambaa kizima.

Anayetunga tangazo hufanya hesabu rahisi. Akitaka kuwauzia watu wa miaka 35, hutafuta nyimbo zilizovuma miaka 10 hadi 20 iliyopita.

KISA CHA SAUTI ILIYOIGWA

Hesabu hiyo ndiyo iliyofanywa nchini Marekani mwaka 1985. Kampuni ya magari ya Ford na wakala wake wa matangazo, Young & Rubicam, walitayarisha matangazo 19 ya televisheni yaliyokusudiwa kuwafikia vijana wenye kazi nzuri na kipato cha kutosha. Ili kuwagusa moyo, kila tangazo lilitumia wimbo uliokuwa maarufu katika miaka ya 1970, wakati watu hao walipokuwa vyuoni. Gari lilikuwa jipya, bali kumbukumbu ilikuwa ya zamani.

Wakala alijaribu kwanza kuwapata waimbaji wenyewe. Katika nyimbo 10 hakufanikiwa. Mmoja wa waliokataa ni Bette Midler, mwimbaji mashuhuri ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amerekodi wimbo uitwao Do You Want to Dance. Wakala hakuuacha wimbo huo. Alipata ruhusa ya mwenye haki za wimbo, kisha akamwajiri mwanamke aliyekuwa mwitikiaji wa Midler kwa miaka mingi, akamwagiza aimbe kwa kumwiga Midler kadiri awezavyo. Tangazo lilipotoka, watu wengi waliamini kwamba ni Midler mwenyewe aliyeimba.

Midler alishtaki. Ugumu wa kesi ulikuwa huu: jina lake halikutajwa, picha yake haikuonyeshwa, na wimbo ulitumiwa kwa ruhusa halali. Je, kiliibwa nini? Mwaka 1988 mahakama ya rufani iliamua kwamba sauti ya mtu humtambulisha sawa na uso wake, na kwamba kuiiga kwa makusudi sauti ya mwimbaji anayejulikana sana ili kuuza bidhaa ni kuchukua kitu kisicho chako. Mwaka 1989 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola 400,000.

Kwa mwanafunzi wa sayansi kisa hiki kina funzo zaidi ya lile la sheria. Kama ni maneno na tuni peke yake vinavyogusa moyo, mwimbaji yeyote angalitosha. Wakala alitaka sauti ile ile kwa sababu alijua kwamba kumbukumbu haishiki wimbo tu, bali hushika pia alama za koo la mwimbaji. Na watazamaji walipodhani wamemsikia Midler, hisia zao zilikuwa za kweli, ingawa kilichoziamsha kilikuwa cha kuigiza.

SAUTI NA IMANI

Nguvu ya sauti iliyozoeleka haiko katika biashara pekee. Nchini Kenya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alijulikana na wasikilizaji wa vizazi kadhaa. Kipindi chake, Je, Huu ni Uungwana?, kilianza mwaka 1966, na sauti yake iliwafikia watu mjini na mashambani. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, walimchukua Mbotela kwa nguvu, wakamlazimisha kutangaza katika redio kwamba serikali imeangushwa. Walikuwa na bunduki, lakini waliona hazitoshi. Walihitaji sauti ambayo wananchi wameizoea. Jaribio lile lilishindwa siku hiyo hiyo.

Mfano huo watuonyesha jambo la msingi. Tunapoisikia sauti tuliyoizoea, imani hutangulia na hoja hufuata nyuma. Sauti yaweza kuwa ya kweli, na habari isiwe ya kweli, wala msemaji asiwe na hiari.

KUMBUKUMBU YA KUAZIMA

Je, tangazo laweza kuamsha hamu ya mambo ambayo msikilizaji hakuyapitia? Laweza. Mwaka 1973 mwongozaji wa filamu Ridley Scott alitengeneza tangazo la mkate wa Hovis nchini Uingereza. Lilionyesha mvulana akiisukuma baiskeli yenye mikate kupanda barabara ya mawe iitwayo Gold Hill, katika mji wa Shaftesbury, huku sauti ya mzee ikikumbuka utoto wake. Muziki ulikuwa wa Dvořák, kutoka simfonia aliyoitunga mwaka 1893 akiwa ugenini nchini Marekani, ukipigwa kwa matarumbeta. Watazamaji wengi hawakuwa na umri wa kukumbuka maisha yale, wala hawakupata kuishi katika mji ule. Hata hivyo, tangazo hilo limebaki miongoni mwa yanayopendwa zaidi nchini humo hadi leo. Waliazimwa utoto wa mtu mwingine, wakauona kuwa wao.

Uchunguzi wa mwaka 2002 wa Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus ulikwenda mbali zaidi. Watu walisomeshwa tangazo la bustani za burudani za Disney lililowakumbusha utoto wao na kueleza jinsi mtoto anavyopeana mkono na sungura Bugs Bunny. Sungura huyo ni wa kampuni nyingine kabisa, kwa hiyo haiwezekani mtu kukutana naye Disney. Hata hivyo, baadaye kiasi cha mtu mmoja katika kila sita alisema kuwa anakumbuka kupeana naye mkono huko. Basi tangazo haliamshi kumbukumbu tu. Laweza pia kuitia rangi, na hata kuipandikiza.

HATARI NA KINGA

Ziko hatari tatu ambazo mwalimu hana budi kuzitaja.

Kwanza, hamu ya yaliyopita hulegeza mkono. Mwaka 2014 Jannine Lasaleta, Constantine Sedikides na Kathleen Vohs walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliokumbushwa yaliyopita walikuwa tayari kulipa zaidi na kuona fedha si kitu cha kushikiliwa sana. Anayehisi kuzungukwa na wapendwa wake huona haja ndogo ya akiba.

Pili, watoto huzoea kabla hawajaweza kupima. Mwaka 1991 uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa miaka 6 waliochunguzwa waliweza kuhusisha picha ya ngamia wa katuni na sigara za Camel, karibu sawa na walivyomtambua Mickey Mouse. Watoto hao hawakuwa wavutaji, lakini urafiki ulikwisha kupandwa. Katuni hiyo iliondolewa mwaka 1997 baada ya malalamiko mengi.

Tatu, siku hizi kompyuta yaweza kujifunza sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, kisha ikaisemesha maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Wakala wa mwaka 1985 alihitaji mwitikiaji mwenye kipaji. Mlaghai wa leo ahitaji programu tu. Tukipigiwa simu na sauti ya ndugu ikiomba fedha kwa haraka, utambuzi wa sikio hautoshi tena kuwa ushahidi. Yafaa kukata simu, kisha kumpigia ndugu huyo kwa namba tuliyokuwa nayo tangu hapo.

Kinga ipo, nayo ni uangalifu. Mwaka 1983 Richard Petty, John Cacioppo na David Schumann waliwaonyesha watu matangazo ya nyembe za kunyolea. Baadhi ya matangazo yalikuwa na watu mashuhuri, mengine watu wa kawaida. Baadhi yalikuwa na hoja imara, mengine hoja dhaifu. Wasomaji ambao hawakuwa na sababu ya kuijali bidhaa walivutwa na umashuhuri. Lakini wale walioambiwa kwamba muda si mrefu watachagua wembe wa kuchukua, walizipima hoja, wala umashuhuri haukuwashawishi. Kwa hiyo akili haikunyimwa uwezo wa kujitetea. Yahitaji kuitwa tu.

Wala tusihitimishe kwamba kila tangazo lenye wimbo wa zamani ni hila. Sauti ile ile iliyozoeleka yaweza kuwahimiza wazazi kuwapeleka watoto kupata chanjo, au wananchi kuchemsha maji ya kunywa. Hamu ya yaliyopita nayo ni tunu ya nafsi. Swali la kuuliza ni hili: hisia hii inanipeleka wapi, na je, ningekwenda huko bila hiyo?

ZOEZI LA DARASANI

Jaribio la kwanza: mazoea. Mwalimu abuni maneno 4 yasiyokuwa na maana, kwa mfano tandiro, kubesa, milodu na sefapo. Kwa siku 20 za masomo aandike neno moja au zaidi kila siku katika pembe ya ubao, bila maelezo: neno la kwanza siku 1, la pili siku 4, la tatu siku 10, la nne siku zote 20. Kisha wanafunzi wayape maneno yote alama kuanzia 1 (maana mbaya) hadi 7 (maana nzuri). Tafuta wastani wa kila neno na uchore grafu. Katika darasa la pili geuza mpango, neno la kwanza liwe la mwisho.

Jaribio la pili: kulivua tangazo nguo. Wanafunzi wachague tangazo moja la redio. Kundi moja lisikilize tangazo lenyewe. Kundi la pili lipewe maneno yake tu, yaliyoandikwa katika karatasi, bila sauti wala muziki. Kila kundi litoe alama za kutaka kununua, kisha liandike sababu za kweli za kununua zilizotolewa na tangazo. Linganisheni.

MASWALI

1. Kwa nini neno la salamu katika simu latosha kumtambulisha mtu, ingawa simu ya kawaida haikupitisha mtetemo wa msingi wa sauti yake?

2. Eleza sababu ya Zajonc na Rajecki kubadilishana idadi ya maneno kati ya magazeti mawili. Matokeo yangekuwa na kasoro gani kama wasingefanya hivyo?

3. Matokeo ya Gorn hayakurudiwa mwaka 1989. Je, hilo lamaanisha kuwa Gorn alikosea? Toa maelezo mawili yanayowezekana.

4. Mfanyabiashara anataka kuwauzia watu wenye umri wa miaka 50 mwaka huu. Kwa kufuata matokeo ya Holbrook na Schindler, nyimbo za miaka ipi zingemfaa zaidi?

5. Waulize mzazi wako na babu au bibi yako ni sauti gani ya redio au ya mtaani inayowakumbusha ujana wao. Andika majibu, umri wao wa sasa, na umri waliokuwa nao wakati huo. Darasa zima likusanye majibu na kuona kama miaka ya ujana kweli ndiyo inayotawala.

Swali la mwisho lina faida mbili. Litawapa wanafunzi takwimu, na litawafanya wazee waseme. Mlio wa vikombe vya kahawa hauna budi kuwa miongoni mwa majibu, na siku mwanafunzi atakapousikia tena mtaani, atajua kwa nini ameinua kichwa. Akiisha kujua, aweza kununua kahawa yake kwa furaha, au kuendelea na safari yake, kwa hiari yake mwenyewe.